Saa ya Kumwaga Zege

Katika mitaa ya Kiembe Samaki, kama vile Mbweni, Chukwani na sehemu nyingi nyingine za Wilaya ya Magharibi B, mahali palipokuwa na mihogo na minazi sasa pamesimama nguzo za zege. Kiwanja hakiongezeki, bali watoto huongezeka. Na mtu ambaye baba yake aliridhika na nyumba ya chini, yeye hana budi kujenga kwenda juu. Juu ya paa za nyumba nyingi utaona nondo zilizoachwa zichomoze, nazo zatoa habari ya nia ya mwenye nyumba: Mungu akimjaalia, ataongeza ghorofa. Hatuna neno baya la kusema juu ya nia hiyo. Mtu ajinyimaye miaka kumi ili awaachie wanawe makao ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo inatupasa kusema leo juu ya jambo lisilosemwa sana, jambo litendekalo kwa siku moja na matokeo yake hudumu muda wote wa uhai wa nyumba. Nalo ni namna zege linavyomwagwa juu ya chuma.

Ukimwuliza mwenye nyumba habari za uimara wa jengo lake, atakuhesabia mifuko ya saruji na unene wa nondo. Hesabu hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, na udhaifu mwingi likivutwa; uwezo wake wa kustahimili mvuto ni kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya uwezo wake wa kustahimili kubanwa. Chuma hutiwa ndani yake ili kiuchukue mvuto huo. Sasa, mzigo wa ghorofa hauwekwi juu ya chuma. Huwekwa juu ya zege, na zege ndilo linaloukabidhi kwa chuma kwa njia ya kukishika. Mahali ambapo zege halikukishika chuma, vitu hivyo viwili vimelala kitanda kimoja bila ya kusaidiana. Mwenye nyumba amelipa bei ya vyote viwili, naye hakupata faida ya kimoja.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Thaddeus Hyatt, mtu wa Marekani, alichapisha majaribio yake ya kuunganisha zege na chuma mwaka 1877. Mwaka 1884 Ernest Ransome alipata hataza ya nondo iliyosokotwa, ili zege lipate pa kukamata. Na mwaka 1913 Duff Abrams wa Chuo Kikuu cha Illinois alitoa kitabu kizima cha majaribio ya kuvuta nondo kutoka ndani ya zege ili kuupima mshiko wake. Siku hizi yajulikana wazi kwamba mshiko huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni kuganda kwa saruji juu ya uso wa chuma, nako ni kudogo, huachia mara tu nondo inapoanza kuteleza. Ya pili ni msuguano. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote katika nondo za siku hizi, ni ya yale matuta yaliyo ubavuni mwa nondo, ambayo hukwama katika zege kama vidole vilivyofumbatana. Lakini matuta hayana cha kukwamia isipokuwa zege liwe limejaa pande zote za nondo, bila ya pengo, bila ya hewa, bila ya maji yaliyotuama. Na kujaa huko hakuuzwi dukani. Hupatikana au hukosekana katika saa zile chache za kumwaga.

Tuanze na nguzo. Desturi ya mahali pengi ni kulisimamisha boksi la mbao kwa kimo chote cha nguzo, mita tatu, kisha kulimimina zege kutoka juu, karai kwa karai. Zege lililoanguka mita tatu katikati ya ringi na nondo halifiki chini kama lilivyoondoka juu. Mawe hugonga vyuma na kutangulia. Uji wa saruji hubaki umepakaa nondo za juu, ukakauka kabla ya zege kuzifikia. Chini hukusanyika kokoto zenye matundu kama sega la nyuki. Basi msomaji na akumbuke kwamba ni pale chini, katika mguu wa nguzo, ndipo nondo zitokazo chini zinapopishana na nondo mpya ziendazo juu. Mafundi wengi huzipishanisha kwa kiasi cha mara 40 ya unene wake, yaani nondo ya milimita 16 hupishana na mwenziwe kwa sentimita 64. Waya wa kufungia hauna kazi hapo ila kuzishikilia siku ya ujenzi. Nguvu hupita kutoka nondo hii hadi ile kwa kupitia zege lililozizunguka. Pakiwa na sega la nyuki mahali hapo, sentimita 64 hizo ni za kwenye karatasi. Na mara nyingi, mbao zikishafunguliwa, sega hilo hupigwa lipu, likasawazishwa, likapendeza.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Zege lipelekwe kwa bomba au mpira mpaka karibu na mahali linapolala, au boksi liachiwe dirisha ubavuni katikati ya kimo. Kwanza litangulizwe tabaka jembamba la saruji na mchanga chini, kisha zege lijazwe kwa matabaka yasiyozidi nusu mita, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya lingine kufuata.

Katika boriti za zege na katika dari, adui mkubwa ni maji. Zege zito humchosha mchanganyaji na mbebaji, basi huongezwa ndoo ya maji ili lipate kutembea. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, maji lita 25, pamoja na unyevu uliomo katika mchanga, ni kipimo chema. Yanayozidi mno saruji haiyahitaji. Zege linapotulia, mawe hushuka na maji ya ziada hupanda, nayo yakikutana na nondo iliyolala hukwama chini ya tumbo lake. Zege likikauka, hapo hubaki uwazi mwembamba na zege dhaifu. Ukitazama kwa juu, nondo imezikwa barabara. Kwa chini inaelea. Na kadiri kina cha zege lililo chini ya nondo kilivyo kirefu, ndivyo zege linavyoshuka zaidi, na ndivyo nondo ya juu inavyopungukiwa na mshiko.

Wahandisi wa nchi nyingine wameliandika jambo hili katika kanuni zao. Kanuni za Ulaya huuhesabu mshiko wa nondo za juu katika boriti nene kuwa sehemu saba tu katika kumi za mshiko wa nondo zilizo mahali pazuri. Kanuni za Marekani hutaka kwamba nondo iliyolala juu ya zege bichi la zaidi ya sentimita 30 iongezwe urefu wake wa kushikia kwa sehemu tatu katika kumi. Hayo yamesemwa juu ya zege lililopimwa na kushindiliwa kama ipasavyo. Juu ya zege lililoongezwa ndoo baada ya ndoo, hasara huwa kubwa kuliko hiyo. Wala pampu, ambayo sasa huonekana katika majengo makubwa, si udhuru. Ni kweli pampu hutaka zege laini, lakini ulaini huo hutafutwa kwa kupanga vipimo vya mchanga na kokoto na kwa dawa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa kufungua bomba la maji.

Liko pia jambo la miguu ya watu. Roshani iliyotokeza nje ya ukuta huvutwa kwa upande wake wa juu, kinyume cha dari la katikati ya nyumba, kwa hiyo nondo zake kuu huwekwa juu. Siku ya zege watu ishirini hupita hapo na makarai na matoroli, na nondo hizo huinama chini ya nyayo zao. Nondo iliyokusudiwa kulala sentimita tatu kutoka juu ikishuka mpaka katikati, roshani imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ikishuka mpaka chini, hapo hapana roshani tena, bali pana mtego uliowekewa watoto. Ziwekwe mbao za kupitia. Viwekwe vyuma vya kuziinua nondo za juu, na vijitofali vya saruji vya kuzitenga nondo za chini na mbao. Na fundi aliyezifunga nondo awepo siku ya kumwaga, azirudishe kila zinapokengeuka, maana kazi yake haikwishi mpaka zege limelala. Mafuta machafu ya gari, ambayo hupakwa mbao ili zisigandane na zege, yapakwe kabla ya chuma kuingia ndani. Tone lililoangukia nondo ni mlango uliofunguliwa wa kuteleza. Kutu nyembamba iliyoshikana na chuma haidhuru mshiko, lakini ile inayobanduka kwa kidole, pamoja na udongo, sharti iondolewe kwa brashi.

Tena liko jambo la wakati. Katika joto la kaskazi zege hukaza upesi. Mtu akianza dari kubwa siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, kazi itakatika kwa sala, na watu watakaporudi watalikuta zege la mwanzo limekwisha kushikana. Sala haina lawama hapo. Mwenye lawama ni yule aliyeipanga kazi. Zege jipya halilishiki lile la zamani kama ipasavyo, na nondo zilizochomoza katika zege lililoanza kukaza zikitikiswa, mshiko uliokuwa unazaliwa huvunjika. Zege likiwa bado laini, kulitikisa ni kujenga. Likikwisha kukaza, kuzitikisa nondo zake ni kubomoa. Ikiwa kazi haina budi kukatika, mahali pa kukatia papangwe mapema kwa shauri la mhandisi, pakingwe kwa ubao wima, na kabla ya kuendelea pakwaruzwe, pasafishwe, pakaloweshwe.

Mashine ya kutikisa zege, ambayo mafundi huiita vaibreta, ndiyo msaada mkubwa kuliko wote, ikiwa yatumiwa kwa akili. Ichomekwe wima, iingie kidogo katika tabaka la chini ili yaungane, kisha itolewe polepole mpaka viputo vya hewa vikome. Kuitumia kulisukuma zege kwenda upande wa pili wa dari ni kulitenganisha uji na mawe. Mwenye nyumba asiyeweza kuipata, basi zege lake lishindiliwe kwa kipande cha nondo, bila ya kuchoka, hasa pembeni na chini ya nondo zilizosongamana.

Msomaji huenda akauliza, je, mambo haya madogo madogo yana uzito wa kuandikiwa makala nzima? Jibu letu ni kwamba uzito wake ni huu: hayaonekani. Wazee wetu waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko waliacha nyumba zinazosema maradhi yake. Lipu huvimba, boriti huliwa na mchwa mbele ya macho ya mwenyewe, ukuta hutoa tumbo. Hata hivyo tulichelewa kusikia. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash, ilianguka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 ikaanguka tena, wakati wa matengenezo, ikaua watu wawili. Ikiwa jumba linaloonyesha wazi maradhi yake laweza kutuua, itakuwaje nyumba ambayo ugonjwa wake umezikwa ndani ya nguzo na kupakwa rangi? Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Katika nyumba ya zege twaweza kuongeza kwamba hata ukiingia ndani hutauona wema wake wala ubaya wake. Siku pekee ya kuuona ni siku ya kumwaga.

Wako watakaosema, "Twajenga hivi siku zote, na nyumba zetu zimesimama." Ndiyo, zimesimama, na iko sababu. Kila jengo lililochorwa na mtu ajuaye kazi huwekewa akiba ya nguvu juu ya mzigo wake. Kazi mbovu huila akiba hiyo kimya kimya, na nyumba huendelea kusimama. Siku akiba itakapotakiwa ndipo mambo hufichuka. Na siku hiyo, kwa watu wa Kiembe Samaki, ni siku ya kuongeza ghorofa. Zile nondo zinazochomoza juu ya paa ni ahadi ya kuja kuutwisha mguu wa nguzo mzigo mwingine. Mwenye nyumba anayejua kwamba mguu huo ulijaa zege barabara aweza kuitimiza ahadi, baada ya kumwuliza mhandisi. Asiyejua, anabahatisha kwa roho za watu. Na nondo zenyewe, zikikaa miaka mitatu katika upepo wa chumvi, hula kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hata ikalipasua zege linalokizunguka. Zifunikwe zinapongoja, na zipigwe brashi kabla ya kuendelezwa.

Hatutaki kutisha watu, lakini hatuwezi kujifanya hatuna macho. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Nairobi nayo, katika mtaa wa Huruma, ililia mwezi Aprili 2016. Sababu za misiba hiyo hazifanani, wala sisi hatusemi kwamba ni mshiko wa zege uliokosekana katika kila mmoja. Twasema kwamba maiti walipofukuliwa, hapana mtu aliyeweza tena kurudi kwenye siku ya kumwaga zege na kusema, "Subirini kwanza."

Kwa hiyo tunatoa shauri kwa watu wanne.

Kwa mwenye nyumba twasema: usimlipe fundi kwa kukimbia. Mtu aliyepewa kazi ya dari zima kwa fedha za siku moja atamaliza kwa siku moja, kwa maji mengi na kushindilia kidogo, na kosa la kwanza ni la yule aliyefanya mapatano. Siku ya zege acha shughuli zako, uwepo. Kama huna ujuzi, mlipe mwenye ujuzi aje asimame badala yako. Gharama ya siku yake moja ni ndogo ukiilinganisha na bei ya nondo ulizozinunua.

Kwa ndugu zetu mafundi na vibarua twasema: hatuungi mkono desturi ya kuwatupia ninyi kila lawama. Ninyi ndio mnaobeba karai juani, na jengo likianguka linapojengwa, mara nyingi mnaokufa ni ninyi. Kwa sababu hiyo mnayo haki ya kukataa kumwaga zege juu ya nondo zilizoinama au katika boksi lenye uchafu. Jifungeni katika vikundi, mnunue vaibreta moja ya kutumia kwa zamu. Chombo asichokiweza mmoja, kumi hukiweza.

Kwa Baraza la Manispaa twasema: kibali cha ujenzi kisiishie kwenye ramani. Ramani haimwagi zege. Isiwe halali kumwaga nguzo, boriti wala dari la nyumba ya ghorofa kabla ya mkaguzi kuziona nondo na kutia saini. Na iandikwe katika daftari siku ya kumwaga, vipimo vilivyotumika, na jina la aliyesimamia. Daftari hilo liwe mali ya nyumba, lirithiwe pamoja nayo. Atakayekuja kuongeza ghorofa baada ya miaka kumi apate cha kusoma badala ya kupiga ramli.

Kwa vyuo vyetu vya ufundi, na kwa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Mbweni, jirani kabisa na Kiembe Samaki, twasema: tokeni nje. Fundi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake hatakuja darasani miaka mitatu, lakini atakuja Jumamosi moja. Mwagieni nguzo mbili mbele yake, moja kwa haraka na moja kwa utaratibu, kisha siku ya saba zipasueni zote mbili aone kwa macho yake kilichomo ndani. Hapana hotuba itakayoshinda ushahidi huo.

Nchi hii haikuanza jana kujenga kwa zege. Majengo ya Kikwajuni na Michenzani yaliinuka katika miaka ya 1960 na 1970, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki na kwa mikono ya wananchi, na vizazi vimelelewa ndani yake. Tofauti ya leo ni kwamba mjenzi si Serikali peke yake. Mjenzi ni kila mwenye kiwanja, na msimamizi mara nyingi hayupo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa siku zote. Lakini ufa tunaouzungumzia hapa uko ndani ya zege, na hauzibwi baadaye kwa gharama yoyote iliyo ndogo. Huzibwa asubuhi ya kazi, kabla ya karai la kwanza, na watu waliokubaliana kwamba leo hawatakimbia.